Mkasi Usio na Barua: Somo Kutoka Nyimbo za Filamu za Kihindi

Najua wengi mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje na vifungu vya uchaguzi. Leo nimekuja na sinema za Kihindi. Msicheke, tutafika tu.

Bibi zetu, Dar es Salaam na Zanzibar, walijaza kumbi za sinema kwa ajili ya filamu hizi. Wapo wanaoimba nyimbo zake mpaka leo bila kujua Kihindi. Lakini zipo nyimbo ambazo hata watazamaji wa Bombay hawakuziona kwenye skrini, maana mkasi ulitangulia.

Chukua filamu ya C.I.D. ya 1956. Ilikuwa na wimbo wa Geeta Dutt, maneno ya Majrooh Sultanpuri. Bodi ya ukaguzi ikakwama kwenye neno moja: "fiffi". Ni neno la mchezo tu, halina maana. Mkaguzi hakulielewa, basi akaona lazima litakuwa baya! Wimbo ukaondolewa kwenye filamu, ukabaki kusikilizwa kwenye santuri.

Na Majrooh huyohuyo, miaka ya nyuma, alishafungwa jela kwa shairi lililomkosoa Waziri Mkuu Nehru. Aliambiwa aombe radhi, akagoma.

Hapo mkasi ulikata wimbo mmoja. Mwaka 1976, wakati wa Hali ya Hatari ya Indira Gandhi, ulikata sauti nzima. Serikali ilitaka wasanii waipigie debe mipango yake. Kishore Kumar akakataa. Nyimbo zake zikazuiwa kwenye redio na televisheni ya taifa. Alihukumiwa na mahakama gani? Hakuna. Bunge lilitunga sheria dhidi yake? Hapana. Ilikuwa amri ya ofisini tu. Baadaye zilirudi hewani.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwandishi K. A. Abbas, aliyeandika hadithi ya Awaara, alitengeneza filamu fupi iliyoonyesha kidogo mtaa wa makahaba wa Bombay. Akaambiwa akate. Akaenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1970 Jaji Mkuu Hidayatullah alisema ukaguzi wenyewe ni halali. Hapo Abbas alishindwa. Lakini mahakama ilisema pia kwamba jambo kuwa chafu si sababu ya kulikata. Kinachopimwa ni namna msanii alivyolishughulikia. Na serikali, ikiwa mbele ya majaji, iliahidi muda maalumu wa maamuzi na rufaa kwa chombo huru.

Chombo hicho cha rufaa kilikuja kuundwa kweli. Mwaka 2021 serikali ya India ikakifuta. Leo ukikatiwa, nenda Mahakama Kuu. Msanii mwenye nauli ya daladala tu ataajiri wakili kwa fedha gani?

Ndiyo maana nawaambia haya. Mnamjua kijana wa kata yetu aliyerekodi wimbo kuhusu bomba la maji lisilotoa maji. Ulipigwa redioni wiki moja, kisha ukapotea. Alipouliza akajibiwa, "maelekezo kutoka juu." Juu wapi? Nani kasaini? Hakuna karatasi.

Jamani, ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Lakini huwezi kukata rufaa dhidi ya simu. Mwanasheria anahitaji karatasi. Amri ya mdomo haina tarehe, haina sababu, haina mwenyewe, na ndiyo inapendwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo wimbo ukizimwa, tusikimbilie matusi mtandaoni. Tuulize maswali matatu kwa maandishi: nani ameamua, kwa kifungu gani, na rufaa inakwenda wapi? Tupeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa tubaki nayo. Wakijibu, tuna pa kuanzia. Wakikaa kimya, barua yenye muhuri ni ushahidi kwamba tuliuliza.

Barua ya huyo kijana nimeshaiandaa, na ameisoma akakubali. Inapelekwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Nahitaji watu wawili wa kumsindikiza, asiingie kwenye ofisi ile peke yake. Nani anakuja?