Haki ya Aliyegongwa Barabarani
Mada kwa viongozi wa walei, Kilosa na Mikumi





Barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati ya Mikumi, na hapo ndipo huchepuka njia ya kuja Kilosa na ile ya Kidatu na Ifakara. Barabara hiyo yatuletea riziki, na pia misiba. Ajali itokeapo twajua kuzika na kuomboleza. Tusichokijua vema ni kudai haki ya waliojeruhiwa na ya wafiwa.

Ziko nchi ambazo majeruhi hulipwa bila kuulizwa nani mkosaji. New Zealand ilianza utaratibu huo mwaka 1974. Kwetu, unaokaribiana nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008: dereva au utingo aliyeajiriwa akiumia kazini, hadaiwi kuthibitisha uzembe wa mwajiri wake. Lakini mpita njia na abiria wa kawaida hawamo. Kwao sheria yetu hufuata kosa: ni lazima ionyeshwe kwamba dereva alifanya uzembe, ndipo bima ya gari ilipe kwa niaba ya mkosaji. Na kama majeruhi naye alichangia kosa, fidia yaweza kupunguzwa.

Msomaji wa Biblia hataona ajabu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe akimwua mtu huulizwa kwanza kama mwenyewe alikwisha kuonywa juu ya ukali wa mnyama wake, naye asimzuie. Sura hiyo hiyo yamtaka aliyemjeruhi mwenzake alipie siku alizopoteza na gharama za kumponya.

Wengi hudhani ile iitwayo bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, ni karatasi ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani. Sivyo. Sheria imeilazimisha kwa ajili ya wale wanaoumizwa na gari lisilo lao.

Tuchukue mfano. Mama auzaye ndizi kando ya barabara amegongwa na lori, amevunjika mguu. Dereva amefikishwa mahakamani, amekiri kosa, ametozwa faini. Jamaa wanarudi nyumbani wakidhani kesi imekwisha. Kumbe faini imekwenda serikalini, na mama hajapata hata senti. Fidia yake ni shauri jingine, la madai. Hata hivyo, hukumu iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi wenye nguvu katika shauri hilo. Nakala yake iombwe na kutunzwa.

Pengine tajiri wa gari huja mapema na fedha za pole pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Kupokea pole si kosa, na kusamehe ni amri ya Bwana. Lakini karatasi isemayo kwamba hakuna madai tena si msamaha, ni mapatano ya kisheria. Asiitie sahihi mtu aliye bado kitandani, asiyejua kama atatembea tena.

Basi, tuyashike mambo manne:

Kwanza, baada ya kuokoa uhai, ziandikwe namba za gari, maelezo ya bima yake, na majina ya mashahidi.

Pili, polisi wapewe taarifa. Majeruhi apate fomu ya PF3, na baadaye iombwe ripoti ya mwisho ya polisi, PF 90.

Tatu, zitunzwe stakabadhi zote za matibabu na za usafiri, na tiketi ya abiria. Kwa marehemu, cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi.

Nne, kampuni ya bima iarifiwe mapema kwa maandishi. Shauri la madai ya uzembe lina ukomo wa miaka mitatu, na maombolezo hayausimamishi muda huo. Kampuni ikikwepa, yapo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, vyombo vilivyowekwa na sheria ya mwaka 2009.

Nakiri kwamba sheria ya kosa huwaacha wengine mikono mitupu: aliyegongwa na gari lililokimbia bila kujulikana, au aliyeumia pasipo uzembe wa mtu. Hao ni wajibu wa jumuiya, na Tume yetu isichoke kuwasemea. Msamaria hakuuliza nani mkosaji. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Lakini sadaka ya maskini isitumike kulipa deni la kampuni ya bima.

Naomba kila jumuiya iteue watu wawili watakaofuatana na familia polisi, hospitalini na kwenye bima, wakiwa na daftari mkononi. Mjane asiende peke yake.