Bomba la Msikiti Linalodondosha Maji

Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: bomba la kutawadhia linalodondosha maji usiku na mchana.

Dodoma si mji wa mito. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Disemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya maji yetu huvutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, watumiaji wa maji hayo wameongezeka sana.

Tuweke ndoo chini ya bomba bovu tupime. Likitoa lita moja kwa saa, ni lita 24 kwa siku, na lita 8,760 kwa mwaka. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudd moja, yaani ujazo wa viganja viwili, usiofikia lita. Basi maji hayo ya siku moja yangewatosha watu zaidi ya 24, nayo hulipiwa kwa sadaka za waumini, ambazo ni amana.

Wengi wetu hulikaza bomba kwa nguvu. Hilo ndilo linaloharibu zaidi, kwani huiponda raba ya ndani ambayo mafundi huiita washa. (Na tambara lililofungwa mdomoni mwa bomba si matengenezo, tusidanganyane.)

Ifungwe koki kuu, kisha bomba lifunguliwe maji yaliyobaki yaishe. Tundu la sinki lizibwe kwa kitambaa, skrubu isipotelee humo. Kichwa kifunguliwe kwa spana, washa iliyolika itolewe na kupelekwa dukani ili inunuliwe ya kipimo kile kile. Maji ya ukanda huu yana chumvichumvi, kama yaonyeshavyo mabirika yetu. Ule ukoko mweupe ulainishwe kwa siki na kusuguliwa. Ikiwa sehemu inapokalia washa imechimbika, washa mpya haitadumu, na ni bora kununua bomba jingine. Yakivuja shinoni bomba likiwa wazi, kosa si la washa: nati ya juu ikazwe kidogo.

Tunaziomba kamati za misikiti ziweke spana moja na washa chache katika kabati la muadhini, na atajwe mtu mmoja wa kuyakagua mabomba kila baada ya swala ya Ishaa.