Matusi Midomoni mwa Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Didia)



Jambo tulilopewa kulinena leo si la kupendeza, na wako waliotuonya kwamba halifai kunenwa mbele ya watu wa heshima. Sisi twaona kinyume. Watu wa heshima ndio ambao jambo hili huwafika ghafula, kwa kuwa nyumbani mwao halijapata kunenwa. Basi tutajaribu kusema habari za matusi bila kutukana, nayo si kazi nyepesi. Aliyepata kuwa karani wa baraza atatushuhudia.

Maana katika shauri la matusi yapasa maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, ililifanya kuwa kosa, katika kifungu chake cha 89, kumtolea mtu lugha chafu au ya matusi kwa namna iwezayo kuvunja amani, na kifungo chake chaweza kufika miezi sita. Haitoshi kuandika kwamba fulani alitukana. Wazee wa baraza wataka kujua alisema nini. Karani humwuliza mama aliyeleta mashtaka, naye hutazama chini akajibu, "Ni lile la mama." Karani huuliza tena. Mwishowe shahidi mmoja mwanamume hulitamka kwa sauti ndogo, na pale dirishani vichwa vya watoto saba, ambao wakati huo walipaswa kuwa shuleni, hulipokea kwa shangwe. Hayo tumeyaona kwa macho yetu. Baraza liliketi kulizima neno moja, nalo neno likatoka mle na wachukuzi saba.

Wazazi wa hapa Didia wakiulizwa matusi ya watoto hutoka wapi, hunyosha kidole upande wa barabara. Hawakosi. Sisi tu watu wa njiani. Mabasi na malori ya Mwanza hupita mlangoni petu mchana na usiku, na hapo Tinde, si mbali, njia ya Kahama na Rwanda huachana na hii yetu. Kwa hiyo maneno ya utingo na wapiga debe wa nchi nyingi hushushwa hapa pamoja na mizigo. Wengine hunyosha kidole upande wa machimbo. Vijana wetu huenda Mwakitolyo, huenda Nyarugusu kule Geita, wakarudi na fedha kidogo, na kikohozi, na lugha. Ndani ya duara, ambamo mtu hajui kama kamba itamrudisha juu, tusi ni kama pumzi, wala hatuwalaumu sana watu wanaofanya kazi ya namna ile. Ila watoto nao hufika huko. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, ya Geita na Kahama yakiwamo. Nao hawakuwa watazamaji, walichimba, waliponda mawe, na wengine walishika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto wa namna hiyo, matusi ndiyo madhara madogo aliyoyapata. Kisha zipo simu, na vibanda vya sinema, ambavyo habari zake kila mtu azijua.

Lakini tusijidanganye kwamba matusi yaliletwa na lori. Wazee wetu Wasukuma waliyajua sana, tena waliyaimba hadharani. Katika Mabasa, yaani sherehe za mapacha, nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine zingemfanya mtu afukuzwe kijijini ziliimbwa na wanaume kwa wanawake mchana kweupe. Bwana Hans Cory, aliyezichunguza mila za Wasukuma, aliandika habari za sherehe hizo mwaka 1944. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, mwimbaji hodari ni yule ajuaye kumwaibisha mwenzake hata watu wakahama upande. Na utani je? Babu na mjukuu wataniana hata leo, na Wanyamwezi ndugu zetu walipata watani njiani, katika misafara ya kwenda pwani, ambao waliweza kuwatupia maneno makali hata msibani bila mtu kukasirika.

Tofauti iko wapi? Zamani matusi yalikuwa na boma. Yalikuwa na siku yake, na watu wake, na jua likishuka boma lilifungwa. Mtoto aliyeyasikia katika Mabasa aliona pia, kwa macho yake, kwamba asubuhi yake mtu yule yule aliyeimba jana alimwamkia mama mkwe wake kwa kuinamisha macho. Alijifunza neno, na papo hapo akajifunza mpaka wake. Mtoto wa leo hulisikia neno katika simu, hana habari limesemwa na nani, kwa nani, wala kwa sababu gani. Amepewa mkuki, hakuonyeshwa ncha ni ipi.

Twaleta mfano. Katika nyumba moja tunayoijua, mtoto wa darasa la pili alitumwa dukani kununua chumvi. Barazani pa duka wanaume walikuwa wakicheza bao, na kila aliyefungwa alitupiwa neno fulani, wote wakacheka na kupigana makofi ya mabega. Mtoto akaona kwamba hilo ni neno la furaha ya marafiki. Akafika nyumbani, akamkuta bibi yake amempikia viazi, akamwambia lile neno kwa uso wa kucheka. Baba alikuwapo. Alimpiga mtoto hata damu ya pua ikatoka. Mtoto akauliza, huku analia, "Nimesema nini?" Hapana aliyemjibu, bibi aliingia ndani, mama akageuka kuchochea moto. Kesho yake mtoto aliwauliza wakubwa wa darasa la sita, nao wakamweleza kwa ukamilifu, pamoja na mengine ambayo hakuyauliza.

Twauliza, waungwana, kipigo kile kilifundisha nini? Kilimfundisha mtoto kwamba neno lile lina nguvu za ajabu, na kwamba wa kuulizwa maana yake si baba. Shuleni, kanuni za viboko za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na habari kuandikwa kitabuni. Nyumbani hakuna kitabu. Wako wampakao mtoto pilipili mdomoni, na twasikia kwamba Uingereza na Marekani wazazi wa zamani waliwaosha watoto vinywa kwa sabuni. Wala matusi hayakwisha huko. Bwana Timothy Jay, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza jambo hili miaka mingi, ameonyesha kwamba watoto wa nchi ile huanza kuyatamka wangali wadogo sana, kabla ya kuanza shule.

Sasa tuje kwenye kiini, na akina mama watuwie radhi. Matusi makubwa ya lugha zetu, Kisukuma na Kiswahili, karibu yote hutaja viungo vya mwili ambavyo sisi wazazi hatuvitaji kamwe. Twamfundisha mtoto jicho, sikio, kidole, goti. Tukifika mahali fulani twaruka, kisha twaendelea na nyayo. Tukibanwa sana twasema "huko," au "dudu." Basi jina la kwanza ambalo mtoto hulipata la sehemu hiyo ya mwili wake ni tusi, alilolipata barabarani. Hana jina jingine. Na tunapompiga kwa kulitamka, tumemnyang'anya hata hilo.

Jambo hili si la adabu tu. Mtoto wa kike wa miaka saba, au wa kiume, akiguswa vibaya na mtu mzima, naye aghalabu ni jirani au jamaa, atamwambia mama yake kwa neno gani? Neno analolijua ndilo lile alilopigiwa. Atanyamaza. Au atasema, "Fulani amenitukana," na mama, akidhani ni maneno tu, atamwambia asicheze tena karibu na fulani, na habari itaishia hapo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, lililowekwa kwa ajili ya mashauri ya namna hii, lakini dawati haliwezi kuandika kisichosemwa. Sisi tulio makarani twajua vizuri kuliko wengi jinsi jalada linavyofungwa kwa kukosa maelezo ya mlalamikaji. Mnafikiri ni mashauri mangapi ya watoto hayafiki hata kufunguliwa jalada, kwa sababu mtoto aliogopa neno?

Kwa hiyo ushauri wetu, ambao baadhi ya wazee wataukataa, ni kwamba mzazi awahi kabla ya barabara. Yapo maneno safi. Vitabu vya elimu ya afya vyayatumia, wauguzi wa zahanati wayasema kila siku, wala hakuna aliyeona aibu. Uke ni uke, uume ni uume. Mtoto akiambiwa hivyo na mama yake wakati wa kuogeshwa, kwa sauti ile ile ya kumtajia goti, atayapokea kama goti. Kisha siku atakapoleta neno la barabarani, mzazi atakuwa na la kumjibu: hilo ndilo hili tunalolijua, ila watu wamelipaka uchafu ili kumuumiza mwenzao, na bibi akilisikia huumia. Kwa mtoto wa miaka mitano hayo yatosha. Wa miaka kumi atataka zaidi, na apewe zaidi, pamoja na boma lake: kwamba utani una watu wake, na kwamba mwanamume wa barazani akicheka haimaanishi kwamba hakimu atacheka.

Kuna mzee aliyetujibu kwamba kumwambia mtoto maana ya tusi ni kumfundisha kutukana. Twamheshimu sana, lakini hatukubaliani naye. Kutukana mtoto amekwisha fundishwa. Kilichobaki ni kujua nani atamfundisha kuacha.

Tena neno humuumiza tu yule alijuaye. Twaliona jambo hili kanisani. Mtoto mmoja alikuja ibadani amevaa fulana ya mitumba, safi, iliyopigwa pasi, na kifuani pameandikwa kwa herufi kubwa neno la Kiingereza ambalo hatukulisoma katika kitabu chochote cha misheni. Wazazi walimkalisha benchi la mbele. Padre alikuwa mgeni kutoka Ulaya, naye alisoma Injili akitazama dari. Waumini wengine wote walimsifu mtoto kwa unadhifu. Mwanachuoni Jean-Marc Dewaele, katika makala ya mwaka 2004 juu ya watu wa lugha nyingi, alionyesha kwamba tusi la lugha ya mama huwa na uzito moyoni kuliko la lugha iliyofuata. Ndivyo ilivyo kwetu: baba asikiaye tusi la Kisukuma huruka, la Kiswahili hukunja uso, la Kiingereza humwona mtoto amesoma.

Serikali nayo imejaribu. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa sababu ulilichezea jina la Nyegezi hata likageuka neno la aibu. Desemba walizuiwa kufanya maonyesho baada ya kuuimba Mwanza kwenyewe, na Januari 2019 wakafunguliwa. Hatupingi uamuzi ule. Ila watoto wetu wakienda Mwanza kwa basi hushukia Nyegezi, na jina wataliona. Mtoto akiuliza kwa nini kondakta alilitaja akacheka, katazo la Baraza halitamjibu. Atakayejibu ni aliyeketi naye kwenye kiti.

Limebaki moja, nalo tutalipitia upesi kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe. Mshenzi, mpumbavu, mbwa wewe: hayo hatuyahesabu kuwa matusi, kwa kuwa hayataji viungo. Lakini neno "mshenzi" watu wa pwani waliwaitia babu zetu wa bara, na wakubwa wa kikoloni wakawaitia wote. Leo lasikika ofisini petu, karani kwa mhudumu, na jioni lasikika nyumbani, baba kwa mtoto aliyemwaga uji. Mtoto huyo atakapomwita mwenzake hivyo shuleni, mwalimu atauliza amelitoa wapi.

Twaomba Halmashauri ya Chama itafute siku moja ya kukutana na walimu na muuguzi wa zahanati, ili akina mama waelezwe maneno yale safi na mtu aliyezoea kuyasema. Mwenye kibanda cha sinema naye aitwe, kwa upole, ana watoto.

Sasa twawaachia nafasi ya kuuliza. Ila atakayetaka kutoa mfano wa neno, tafadhali atazame kwanza dirishani.