Juu ya chumba cha rangi: maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu



Mulituomba tueleze kinachofanyika katika chumba cha nyuma kila Jumamosi mchana, maana kuna mfanyabiashara anayetaka kukipanga kiwe depo ya saruji, na leo mutapiga kura. Tuseme wazi: pale hakuna mradi. Watu wanachora kwa kupenda tu. Sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi za misaada tunakuja pale kama wengine, na mikono inachafuka sawasawa.

Feza inayotoka ni ya burashi na gundi ya maseremala, basi. Udongo mwekundu tunautoa pale wanapofyatua matofali. Tunautwanga, tunauloweka; mchanga ukishuka tunamimina yale maji yenye rangi ndani ya chombo kingine, yatulie. Kinachobaki chini kikikauka, njo rangi yenyewe. Makaa yanatoa weusi, pemba inatoa weupe. Lakini poda peke yake haishiki, inataka gundi iliyoongezwa maji. Ikikauka pitisha kidole: kidole kikichafuka, gundi ni kidogo. Ikipasukapasuka, umepaka nene mno. Kuna aliyejaribu mafuta ya mawese. Hapana! Mawese hayakauki, yananata tu na kuita vumbi.

Sasa wanachanganya vitu. Gunia la plastiki linakataa rangi, inabanduka. La pamba linakubali, ukilipaka kwanza gundi na pemba mara mbili. Juu yake wanabandika vipande vya kitenge kwa uji mzito wa muhogo, upikwe siku ile ile, kwani unaoza haraka na panya wanaupenda.

Mama mmoja aliyekulia Lugufu, kule Kigoma, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2009, anatengeneza nyumba ya baba yake hivyo. Ziwa ni kitenge cha buluu, paa ni kipande cha hema la kambini. Upande mmoja wa nyumba ameuacha mtupu. Tulimuuliza sababu. Akasema hajui mlango ulikuwa upande gani, alitoka Fizi angali mdogo. Basi wazee waliobaki hapa wakati wa vita, wale ambao hawakuwa wanakanyaga shirika la waliorudi, wakaanza kuja. Mmoja anasema mlango ulitazama ziwa. Mwingine anakataa kabisa. Wanabishana, wamekaa kwenye benchi moja na sisi. Upande ule bado mtupu.

Wengine wanasema haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, karakana ya uchoraji ya Lubumbashi ilianzishwa na Mfaransa, Pierre Romain-Desfossés, mwaka 1946. Lakini Bela alichora pale kwa ncha za vidole vyake. Na Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1970, alichora historia ya nchi yetu juu ya magunia ya unga, akaieleza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Shaba. Hakungoja turubai ya dukani.

Ndugu wafadhili, mulipendekeza picha ziuzishwe, ziwe mapato. Tunashukuru, lakini tunakataa kwa heshima. Siku picha ya yule mama itakapopewa bei, mnunuzi atataka mlango uwekwe haraka, popote.

Kodi ya saruji, tunajua, kasha la msiba linaihitaji. Hatuombi mfanyabiashara afukuzwe. Tumepima chumba: theluthi mbili zinamtosha, na mlango wa kuingizia mifuko uko upande wake. Theluthi moja, yenye dirisha, ibaki yetu. Seremala mmoja kati yetu atajenga ukuta wa kugawanya bila malipo. Mbao njo hatuna.