Kabla ya Kuchomwa Sindano ya Kiuno

Dereva wa bodaboda anaingia duka la dawa ameinama upande. Anasema maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye kalio, yanashuka nyuma ya paja kama umeme hadi kwenye unyayo, na vidole vimekufa ganzi. Muuzaji hamwulizi mengi. Anaandaa sindano ya diklofenaki, anamwambia ashushe suruali.

Msikilizaji, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Neva inayomtesa, neva ya siatiki, ndiyo nene kuliko zote mwilini, inakaribia unene wa kidole gumba, nayo inapita humo humo kwenye kalio. Sindano ikichomwa pasipostahili huweza kuijeruhi, mtu akabaki anaburuta mguu. Huko Uganda madaktari wameandika habari za watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa kwinini makalioni.

Tena chanzo cha maumivu hayo mara nyingi hakiko kwenye kalio wala mguuni. Kiko mgongoni, ambako diski iliyo kati ya pingili imetokeza na kubana mzizi wa neva. Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walilionyesha hilo mwaka 1934. Diklofenaki hupunguza makali kwa saa kadhaa, lakini diski hairudishi, na ikizoeleka huchubua tumbo na kuumiza figo.

La kutia moyo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, maana mara nyingi mwili wenyewe huifyonza sehemu iliyotokeza. Kushinda kitandani hakusaidii. Tembea kidogo kidogo, shuka kwenye pikipiki mara kwa mara, acha kubeba viroba kwa muda, na uende kitengo cha fiziotherapia ufundishwe mazoezi. Inanisikitisha kuona watu wanakipita kitengo hicho wakitafuta wa kuwakanyaga mgongo.

Maumivu ya mgongo yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, omba upimwe kifua kikuu, maana hushambulia pia uti wa mgongo. Na mkojo ukikataa kutoka au ukijitokea wenyewe, choo kikikuponyoka, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu yote miwili ikilegea, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo. Neva zilizobanwa namna hiyo zinahitaji daktari wa upasuaji mapema. Ukichelewa, ulemavu huo unaweza kuwa wa kudumu.