Mtoto Akiomba Ruhusa ya Kupanda Mlima

   Vuta kiti karibu na redio, na kama kuna kijana nyumbani, mwite naye asikilize.

Leo tunazungumza juu ya barua. Binti yako wa shule ya upili amekuja na karatasi ya kutiwa sahihi. Skauti wa shule yao wanakwenda kupanda Mlima Kenya wakati wa likizo. Au si barua, bali ni kijana wako aliyemaliza shule, na rafiki yake amemwambia kuna kazi ya kuwabebea wageni mizigo mlimani. Moyo wako unashtuka. Umewahi kusikia kwamba watu hufia huko juu. Unajiuliza: kuna nini huko kinachomfanya mtu aache kitanda chenye joto akatafute baridi?

Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwanza.

Mlima Kenya una vilele vingi. Kilele kirefu kabisa ni Batian, mita 5,199, kikifuatwa na Nelion, mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wenye ujuzi wa kutumia kamba. Watu wengi huenda Point Lenana, mita 4,985, ambapo hufika kwa miguu. Kwa wazee wa jamii zinazouzunguka, mlima huu ni mahali patakatifu, na waliomba wakiuelekea. Mwaka wa 1963, tulipopata uhuru, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huko juu. Kwa wengine, mlima ni kazi: mizigo wanayobeba ndiyo karo ya watoto wao. Na kwa vijana wengi, mlima ni mahali pa kujipima. Mtu akisimama kileleni alfajiri na kuona jua likichomoza chini yake, hurudi nyumbani akijua kwamba anaweza mambo magumu.

Wewe mama unalielewa hilo. Mtoto wako alipojifunza kutembea, alianguka mara ngapi? Hukumfunga kitandani. Ulisogeza jiko na maji ya moto, kisha ukamwacha atembee. Kwa hivyo leo sikwambii umkatalie, wala sikwambii utie sahihi upesi. Ninataka tusogeze jiko.

Hatari ya kwanza ni hewa yenyewe. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Karibu na Point Lenana, kila pumzi huupa mwili zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa huvuta. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku kadhaa. Ukiuharakisha, unaugua. Ugonjwa huu huweza kuanza mtu akipita mita 2,500, na hauchagui. Kijana mwenye nguvu, hata mchezaji hodari wa mpira, anaweza kuugua kuliko mwalimu wake mnene anayetembea polepole. Wakati mwingine huyo mwenye nguvu ndiye huugua, kwa sababu ndiye anayekimbia.

Dalili za kwanza ni hizi: kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu mwingi na kukosa usingizi. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza huwa na kisirani, hulia na kukataa kula. Mtu akiumwa kichwa mlimani pamoja na mojawapo ya dalili hizo nyingine, ahesabiwe kuwa ana ugonjwa wa mlima mpaka ithibitishwe vingine. Asipande hata hatua moja zaidi. Apumzike hapo hapo, anywe maji, na asipopata nafuu au akizidiwa, ateremshwe.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, huongea maneno yasiyoeleweka na huyumba kama mlevi. Kuna kipimo rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, ni hatari. Hali ya pili ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hugeuka rangi, na huenda akatoa makohozi yenye povu jekundu. Watu husema, "Ni baridi tu, ni homa ya mapafu, tungoje asubuhi." Mama, asubuhi inaweza kuwa mbali sana. Mgonjwa wa hali yoyote kati ya hizi mbili ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Kama kuna oksijeni apewe, lakini oksijeni isiwacheleweshe kuteremka.

Hatari nyingine ni baridi. Nguo zilizolowa hunyonya joto la mwili upesi. Mtu hutetemeka, vidole vinakufa ganzi, maneno yanakuwa mazito. Akiacha kutetemeka huku angali amepoa, usifikiri amepona, kwani hapo amezidiwa. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, akingwe upepo, na kama anaweza kumeza vizuri apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe isitumike kamwe, kwa sababu humpotezea joto.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Ugonjwa wa mlima hutoa ishara mapema, na dawa yake kubwa haiuzwi dukani: ni kuteremka. Mbona basi watu bado hufa? Wengine hushikwa na dhoruba au huteleza. Lakini baadhi ya wanaougua hufichua habari wakiwa wamechelewa. Msichana anaumwa kichwa tangu jana lakini hasemi, asije akachekwa. Mpagazi anakohoa lakini anaogopa kupoteza malipo ya siku. Baba aliyelipa pesa nyingi anasema, "Kimebaki kidogo tu." Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huko mlimani methali hii hutimia kwa saa chache.

Hata mabingwa hawapitwi na hatari. Mwezi wa Mei 2022, Mkenya James Kagambi alifika kilele cha Everest, mita 8,849, akiwa na umri wa miaka 62, akarudi salama. Mei 2024, Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alifariki karibu na kilele hicho hicho, akipanda bila oksijeni ya ziada. Mwelekezi wake kutoka Nepal pia alipoteza maisha. Hatusemi hili ili kumlaumu marehemu. Tunasema ili tujue kwamba mlima haumdai mtu heshima tu, wakati mwingine humdai uhai.

Kuna kisa kingine cha hapa kwetu. Mwaka wa 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita walitoroka kambi yao ya Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Mmoja hakuwa na afya nzuri, wakamwacha kwenye kambi yao ya chini. Wawili walijaribu Batian, dhoruba ikawazuia, wakarudi nyuma. Baadaye walipanda Point Lenana, kisha wote watatu wakarejea kambini kwa hiari yao. Watu hawa walikuwa na sababu zote za kutaka ushindi, lakini walijua kugeuka. Ndiyo maana walirudi wakiwa hai.

Basi, kabla ya kutia sahihi, uliza maswali haya.

Kwanza, watalala wapi kila usiku? Nairobi iko mita 1,700 hivi. Gari huweza kumfikisha mtu mita 3,000 siku hiyo hiyo. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, na ile ya Shipton ni mita 4,200. Ushauri wa madaktari ni kwamba mtu akipita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali alipolala jana na atakapolala leo. Kwa hivyo ratiba ya kukimbilia kilele kwa siku tatu ni ya haraka mno. Omba waongeze usiku wa kupumzika njiani. Watoto wanaotoka Pwani au kando ya Ziwa wanauhitaji zaidi.

Pili, mwelekezi ni nani, na je, ana uzoefu na kibali? Mtoto mmoja akiugua, nani atateremka naye bila kuwaacha wengine peke yao? Wasipokuwa na jibu, usitie sahihi.

Tatu, mtoto wako ana ugonjwa gani? Mwenye selimundu asipande mlima mrefu. Hata mwenye chembe za selimundu bila kuugua anaweza kupata shida, kwa hivyo amwone daktari kwanza. Vile vile mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au kisukari, na mama mjamzito. Mwenye kikohozi au homa wiki hiyo abaki nyumbani. Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea mlima, lakini iandikwe na daktari. Vidonge vya usingizi vikae mbali. Na dawa ya maumivu isitumiwe kunyamazisha kichwa ili safari iendelee.

Nne, amebeba nini? Nguo za sufu, kofia, glavu, soksi kavu za kubadilisha, koti la mvua, tochi na blanketi zito la kulalia. Suruali ya jinzi haifai, kwani ikilowa haikauki. Na wewe ambaye mwanao ni mpagazi, usifikiri kwamba kwa kuwa amezaliwa kando ya mlima hawezi kuugua. Naye anahitaji koti, viatu na haki ya kusema, "Leo naumwa."

Tano, na hili ni lako wewe mwenyewe. Siku ya kuondoka, usimwambie, "Usiniaibishe, ufike juu." Mshike mkono umwambie: "Mwanangu, ukiumwa, sema. Ukiambiwa uteremke, teremka. Ukirudi bila kufika kileleni, nitakupikia chakula kile kile ambacho ningekupikia ukifika." Mwambie mara mbili. Huko juu, usiku, kichwa kikimuuma na wenzake wakimhimiza, hayo ndiyo maneno yatakayompa ujasiri wa kufungua kinywa.

Mlima hautahama. Utakuwepo mwaka ujao, na mwaka mwingine. Mtoto wako ndiye asiye na wa pili.

 Mweleze jirani uliyoyasikia leo.