Mwalimu Mtarajiwa Mbele ya Video

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Mtoto huanza na sauti ya herufi, si jina la herufi hiyo. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Darasani, mwalimu mtarajiwa akitamka “em-a” badala ya “ma”, watoto wote humwitikia vilevile.

Hapo video inasaidia. Mkufunzi wa chuo cha ualimu anaonyesha somo lililorekodiwa. Mtoto anafika kwenye “ng’ombe”, anaisoma “ng’” kama “ng” ya “ngoma”. Mkufunzi anasimamisha picha: ungefanya nini sasa hivi? Wanachuo wanabishana, wanarudisha nyuma, wanasikiliza tena. Darasa halisi halitoi nafasi hiyo.

Kwa kurekodi, kishikwambi si lazima. Simu janja inatosha. Ila sauti isikike vizuri, hata picha ikiwa na ukungu, maana kinachofundishwa ni matamshi. Baadaye mwanachuo ajirekodi mwenyewe akifundisha. Wengine hushtuka kugundua wanazungumza na ubao! Na kabla ya kurekodi watoto, wazazi na shule waombwe ruhusa.